Betri Jikoni: Mwongozo kwa Jasiri Asiyeuliza

Gari limegoma kuwaka, chaja umeazima kwa shemeji, na LUKU ina uniti. Fundi wa nini? Ng'oa betri ukianza na waya wa chanya, ili spana ikigusa bodi uone cheche kwa karibu. Waoga huanza na hasi.

Betri yenyewe ni kavu, ya kutofunguliwa. Kavu kwa jina tu, maana ndani ina asidi kama ndugu zake. Ikumbatie ukiwa na shati la Idi.

Ichajie jikoni, madirisha yakiwa yamefungwa mbu wasiingie. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na hata hii ya kufungwa ina tundu au vali ya kupumulia. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu hewani inaweza kuwaka, nayo haina rangi wala harufu, hivyo haitakusumbua mpaka uwashe jiko. Wapenda maisha huchajia barazani, penye upepo na pasipo watoto.

Kama ina kijicho juu, chungulia. Kijani ina chaji, cheusi haina. Ila kinatazama chumba kimoja kati ya sita, ni sawa na kukagua daladala kwa kumtazama konda. Kikiwa cheupe, maji yamepungua na betri hiyo haichajiwi tena. Jasiri huchukua bisibisi akafungue.

Ampea zungusha hadi mwisho. Kanuni ya waoga ni sehemu ya kumi: betri ya ampea-saa 60 hupewa ampea 6 au chini yake, mchana kutwa, mtu akiwa macho. Chaja ya shemeji, ile nzito inayonguruma, haijizimi. Ukilala itaendelea kuipika betri, na maji yanayotoka hapo hayarudishiki.

Sasa vibano. Washa ukutani kwanza, kisha ubane. Cheche itaruka na hakitatokea kitu, maana gesi bado haijatoka. Utajiona umefuzu. Ngoja wakati wa kutoa: gesi imetanda juu ya betri, swichi bado imewashwa, nawe unavuta kibano. Plastiki hupasuka, asidi hufuata. Wasio na haraka hubana chekundu kwenye chanya na cheusi kwenye hasi ndipo wawashe, na wakimaliza huzima kabla ya kugusa chochote. Betri ikiwa ingali garini, cheusi hukibana kwenye chuma cha injini, mbali nayo. Huvaa miwani pia, na maji huyaweka karibu: asidi ikiingia jichoni huoshwa palepale kwa maji mengi, kisha hospitali.

Iache itulie saa kadhaa, halafu upime. Volti 12.6 au zaidi, irudishe garini, uwashe injini na upime tena. Mita ikipanda hadi 14 hivi, safari njema. Ikibaki 12 na ushei, altaneta haichaji, na gari litazima tena usiku, kwenye foleni ya Ubungo, taa zikiwa zimewashwa.