Bei Isiyopunguzika

Wateja wa Motorola waliisifia sana prosesa ya 6800, wakauliza bei, wakaaga. Mhandisi Chuck Peddle, aliyezunguka kuinadi, akawashauri wakubwa watengeneze ya bei nafuu. Wakamwambia aachane na habari hizo. Akaachana nao wao, akahamia MOS Technology pamoja na wenzake kadhaa.

Septemba 1975, kwenye maonyesho ya Wescon jijini San Francisco, wakaja na 6502: dola 25. Intel na Motorola walikuwa kwenye dola mia na sabini na kitu. Kuuza ukumbini ilikuwa marufuku, basi wakakodi chumba hotelini, chipu zikapangwa kwenye mitungi ya kioo kama pipi za dukani. Za juu nzima. Za chini, Peddle alikuja kusimulia mwenyewe, mbovu tupu, za kujazia mtungi.

Haukupita muda, bei ya 6800 ambayo eti haikuwa na pa kupunguzwa ikatua dola 69. Kisha Motorola ikaenda mahakamani. Ikafanikiwa kuizika 6501 ya MOS, iliyothubutu kuingia kwenye soketi ileile ya 6800. 6502 ikabaki, na Steve Wozniak, aliyekuja kuunda kompyuta ya Apple, alikuwa keshainunua.