Ko! Umepona, Lipa Dirishani

Mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa "sumaku" ya mikono yake, alimbonyeza mgongo mfagizi wa jengo, Harvey Lillard, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Lillard, tunaambiwa, akaanza kusikia. Mshipa wa fahamu wa kusikia umo ndani ya fuvu, haushuki mgongoni hata kusalimia, lakini nani anabishana na muujiza? Bwana Palmer akatangaza kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote hutokana na pingili zilizoteguka. Na hizo 5 zilizobaki? Viungo vingine vilivyoteguka. Madaktari hakuwaachia hata mafua. Mwaka 1906 akatiwa ndani kwa kutibu bila leseni.

Warithi wake, wanyoosha migongo wa siku hizi, wengi wana adabu: wameshuka hadi kiunoni. Na huko, haki itendeke, hawako gizani kabisa. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2017 kuhusu maumivu ya kiuno uliiweka tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono pamoja na masaji na joto, vya kujaribu kabla ya vidonge. Mwongozo huohuo unasema maumivu mapya ya kiuno kwa wengi hupungua yenyewe, utibiwe usitibiwe.

Ule mlio wa ko! mgongo unapobonyezwa nao ni gesi kwenye ute wa kiungo. Hakuna mfupa uliorudi kwao. Lakini unasikika vizuri, na mapokezi wanausikia, wanaandaa kadi ya miadi ya wiki sita. Mgongo, kwa bahati njema, nao huhitaji takriban wiki hizohizo kupona wenyewe.