Kabla Bodi Haijaamua Kuhama Tao: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi,

Niwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Najua zipo ngazi za kupitia, na mimi ni karani tu wa idara ya fidia. Barua ya mtu wa cheo changu kwa kawaida hufika kwa msimamizi wake ikatulia hapo. Nimethubutu kupita njia hii kwa sababu ninalotaka kukuomba haliihusu kampuni yetu ya bima pekee, na ndiyo maana jina lake nimelihifadhi. Ofisi nyingi za Nairobi zimekwisha kuhama katikati ya jiji, nyingine ziko njiani, na bodi zinazoamua hayo zina watu waungwana kama wewe. Nakusihi unisome mpaka mwisho, kisha uamue kama hekima yako itakavyokuongoza.

Tumesikia kwamba bodi inafikiria kuyapeleka makao makuu Westlands, au hata Gigiri. Naomba nianze kwa kusema kwamba sababu za kuhama tunaziona hata sisi wa ghorofa za chini. Tao, yaani katikati ya jiji, hakuna pa kuegesha gari. Wageni wako huzunguka Kenyatta Avenue na Moi Avenue wakitafuta nafasi, wakifika kikao kimeanza. Majengo ya jirani yamekatwakatwa kuwa vyumba vya eksibisheni, yaani viduka vidogo vidogo. Ghorofa iliyokuwa ya mawakili sasa ni ya viatu na simu, na foleni ya lifti inaanzia kwenye mlango wa barabarani. Kampuni inayotaka idara zake zote zikae kwenye sakafu moja pana haiipati kwa urahisi katika jengo lililochorwa miaka ya sabini.

Na ipo sababu nzito kuliko hizo. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Watu zaidi ya 200 walikufa hapa Nairobi, jengo la Ufundi likaporomoka, Co-operative House likaumia vibaya. Baadaye ubalozi ulijenga Gigiri, jirani na ofisi za Umoja wa Mataifa. Aliyekuwa kazini tao asubuhi ile hahitaji kuelezwa kwa nini wenye ofisi walianza kutazama vitongoji. Kisha ikaja Juni 2024, vijana wakaandamana mpaka ndani ya bunge, na tangu hapo kila siku ya maandamano milango ya chuma hushushwa mapema katika mitaa yetu. Mwenyekiti anayehofia usalama wa watu wake anastahili shukrani, nami natanguliza yangu.

Kwa ruhusa yako, hata hivyo, kuna sababu moja ambayo ningeomba iondolewe mezani: unafuu. Kampuni za Marekani zilipoanza kuondoka katikati ya miji miaka ya 1940 na 1950, ardhi rahisi ya nje ya mji ilikuwa sehemu kubwa ya hesabu yao. Nairobi sivyo. Futi moja ya mraba ya ofisi Westlands au Gigiri hukodishwa kwa bei ya juu kuliko tao. Tutakachokwenda kukilipia huko ni maegesho ya chini ya jengo, sakafu pana, jenereta isiyokoroma, utulivu, na jina la barabara linalopendeza juu ya karatasi ya barua. Ni vitu vizuri. Ninachoomba kwa unyenyekevu ni kwamba tukubaliane ni vitu vya kununuliwa, ili tuweze kuuliza vinanunuliwa kwa ajili ya nani, na nani analipa.

Tukumbuke pia kwamba safari hii jiji letu limekwisha kuifanya mara moja. Upper Hill ilikuwa mlima wa nyumba za wafanyakazi wa reli, zenye bustani na vijia vya kupita gari moja moja. Benki na bima zikaupanda, tukaona UAP Old Mutual Tower na Britam Tower zikitokeza juu ya miti. Barabara zikabaki zile zile za bustani, na si muda kukawa na msongamano wa kutisha huko kulikokimbiliwa kwa ajili ya kukwepa msongamano. Wakuu wa ofisi wakageuza macho kuelekea Waiyaki Way na Chiromo. Leo foleni ya Westlands jioni haina cha kuionea wivu foleni ya tao. Imetufuata kwa sababu imesafiri ndani ya magari yetu wenyewe, na sioni ni kitongoji gani kitakachoikwepa ikiwa kila ofisi inayohamia huko inawalazimu watu wake kuja kwa gari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wewe, Mheshimiwa, ukitoka nyumbani unakwenda ofisini. Sisi wengi tukitoka nyumbani tunakwenda tao kwanza, hata kama kazi iko kwingine. Matatu za namba 58 zinatoka Buruburu kuja tao. Za Rongai, Ngong, Kitengela, Githurai, Kayole na Dandora, zote zinakuja tao. Hata treni za abiria zinazotoka Syokimau, Embakasi, Ruiru na Kikuyu humaliza safari katika stesheni ileile ya zamani karibu na Haile Selassie. Ofisi ikiwa tao, mtu wa Kayole na mtu wa Ngong kila mmoja hulipa nauli moja, akashuka, akatembea. Ofisi ikiwa Westlands, wote wawili watashuka palepale walipokuwa wakishuka, watembee mpaka steji za Odeon au Koja, wapange foleni ya pili, walipe nauli ya pili. Jioni hivyo hivyo kwa kurudi. Mvua ikinyesha, wewe mwenyewe umesikia makondakta wanavyopandisha nauli. Anayepanda mara mbili hupandishiwa mara mbili.

Barabara ya Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, imekuwa neema kwa mwenye gari na ada ya kulipia. Natambua kwamba imewavuta wenye majengo na wapangaji kuelekea upande ule. Naomba tu izingatiwe kwamba msafishaji wa ofisi yetu haipandi.

Jiji lenyewe liliwahi kupima jambo hili mbele ya macho yetu sote. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, abiria wakashushwa pembezoni. Watu walitembea kwa makundi, wagonjwa na wazee miongoni mwao, na agizo lile halikudumu, lilisimamishwa upesi. Sisemi lilitolewa kwa nia mbaya. Nasema tu lilituonyesha maana ya sehemu ambapo njia zote hukutana, kwa mtu asiyekuwa na njia nyingine.

Ninapoketi mimi, kwenye meza ya fidia, wapo wengine ambao naogopa hawatatajwa katika kikao chenu, nami nitajilaumu nisipowataja. Ni wanaokuja kudai. Mjane anatoka Embu na cheti cha kifo ndani ya mfuko wa nailoni. Mwendesha bodaboda anatoka Machakos akiwa na mguu wa plasta. Mabasi ya mikoani huwashusha katika mitaa ya chini ya tao, River Road na Accra Road, au pale stendi ya Machakos Country Bus, na kutoka hapo huuliza njia, wakatufikia kwa miguu. Mara nyingi hurudishwa kwa karatasi moja iliyokosekana: barua ya chifu, nakala ya kitambulisho, risiti ya hospitali. Tao, karatasi hiyo hupigwa chapa na kutolewa nakala mtaa wa pili, na Huduma Centre ya serikali pale GPO iko karibu, mtu akarudi kabla ya saa nane. Gigiri, kwa heshima zote, karatasi iliyokosekana ni siku imepotea, na pengine ni dai limeachwa. Sidhani bodi yako ingependa kampuni yetu ilipe fidia chache kwa sababu wadai wameshindwa kufika. Lakini ndivyo itakavyokuwa, na hesabu za mwaka zitaonekana nzuri bila yeyote kujua kwa nini.

Wapo pia walinzi na wasafishaji. Kwa kuwa wameajiriwa na kampuni za nje, hawamo kwenye orodha yetu ya mishahara, na mshauri atakayeletwa kupima athari za kuhama atahesabu wafanyakazi bila wao. Hao ndio wanaotangulia kufika, alfajiri, wakati matatu za mzunguko wa pili hazijajaa. Na wapo makarani vijana, wengi wao wanawake, wanaotoka kazini saa kumi na moja na kwenda moja kwa moja darasani kusomea uhasibu katika vyuo vya jioni vya tao. Kampuni inajivunia kuwapandisha vyeo wanaofaulu. Ukiwahamishia Westlands, saa ya kipindi cha kwanza watakuwa kwenye foleni ya Waiyaki Way. Wakimaliza kazi usiku wa kufunga mwaka, watatembea kwenye barabara ya ndani yenye kuta ndefu na nyaya za umeme, isiyo na kibanda wala mama mboga wa kumpigia kelele.

Naomba uniruhusu nitaje jambo moja la mbali, na silitaji kwa kukushuku. Mwandishi wa Kimarekani William H. Whyte alichunguza kampuni 38 zilizohama jiji la New York zikisema zinatafutia wafanyakazi maisha bora. Katika kitabu chake *City* cha mwaka 1988 alieleza kwamba 31 kati ya hizo zilikwenda karibu na nyumbani kwa mkuu wa kampuni, kwa wastani umbali wa takriban maili nane, yaani kama kilomita 13. Siamini wakuu wale walikuwa watu wabaya. Kila mmoja wetu hulijua vizuri jiji analopita yeye asubuhi, na mwenye kuamua huamua kwa jiji hilo analolijua. Ndiyo maana ni heri ulisikie na lile tunalopita sisi. Kampuni nyingine huko zimekwisha kurudi jijini: McDonald's, iliyokuwa kitongojini Oak Brook tangu 1971, ilirudisha makao yake makuu ndani ya Chicago mwaka 2018, karibu na treni na karibu na vijana iliotaka kuwaajiri.

Ombi langu, Mheshimiwa, si kwamba tubaki tao kwa vyovyote vile. Jengo likiwa bovu, tuhame. Naomba tu kwamba kabla ya kura kupigwa, idara ya wafanyakazi iagizwe kuleta orodha ya mahali kila mmoja wetu anapolala, pamoja na walinzi na wasafishaji, na matatu anazopanda. Na kwamba nauli ya pili na saa zinazoongezeka ziandikwe kwenye ukurasa uleule wenye kodi ya jengo na nafasi za magari. Ikionekana bado inafaa kuhama, basi tafadhali jengo litafutwe kwenye barabara ambayo matatu hupita, hatua chache tu kutoka steji, na kampuni igharimie mabasi ya asubuhi na jioni kutoka steji za Archives na Railways, yanayowachukua na hao wasiokuwa kwenye orodha ya mishahara. Na meza ya fidia, hata kama kila kitu kingine kitakwenda, iachwe tao, kwenye chumba chochote cha chini kisichohitaji lifti. Mimi niko tayari kubaki nayo, na wenzangu wawili wameniruhusu niseme hivyo kwa niaba yao.

Nakuomba radhi tena kwa urefu wa barua na kwa ujasiri wake. 

Ni mimi, mtumishi wako mtiifu,
Karani, Idara ya Fidia
Nairobi