Madumu Mawili Stoo

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na nyumbani kwetu Katesh siku hiyo ina uzito wa siku ya mnada. Agosti 2022 petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita Dar es Salaam. Mpaka ipande lori na kufika huku chini ya Mlima Hanang, ongeza mwenyewe.

Nilikuwa nimeshajaribu ujanja wa mteremko. Tukitoka Dongobesh kwa mama mkwe, tukishapita Bashnet na barabara ikaanza kushuka kuelekea Dareda, nazima injini, naweka nyutro, gari linateleza lenyewe. Siku moja breki ikashika mara ya kwanza, ya pili ikashika kidogo, ya tatu nikawa nakanyaga jiwe, huku usukani ukiwa mzito kama plau la ng'ombe. Mama Neema hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kitenge. Fundi alikuja kunieleza kwamba breki husaidiwa na injini inayozunguka, na kwamba injini hizi zenye kompyuta, ukiziacha kwenye gia mteremkoni bila kukanyaga mafuta, hujikatia petroli zenyewe. Kumbe nilikuwa naokoa kisichotumika.

Kijiweni mwisho wa Agosti wote waliapa kwamba Septemba bei inapanda tena. Jumamosi nikajaza tenki sheli, nikarudi nyumbani nikayanyonya kwa mpira, funda moja likapita kooni, nikacheua petroli mpaka Jumatatu. Lita 40, madumu mawili ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya alizeti, mifuniko nimeizungushia nailoni. Nikayaweka stoo, kati ya gunia la mahindi na vitunguu saumu alivyotupa mama mkwe.

"Baba Neema, hicho kitu hakilali nyumba moja na watoto wangu."

"Siku nne tu, mama."

Hakubishana. Alibeba jiko la mkaa akalipeleka uani kwa jirani, na kwa siku nne tulikula chakula kilichopikiwa ugenini, jirani akijua sababu na mtaa mzima ukiijua kwa jirani.

Sikuwa nimefikiria bati. Usiku Katesh ni baridi, lakini mchana stoo ile huwa tanuri. Jumanne jioni dumu moja nililikuta limevimba, halisimami vizuri, nailoni imelegea, na chozi jembamba linashuka ubavuni mpaka sakafuni. Gunia lilikuwa limekunywa kimya kimya kutoka chini. Niliingiza mkono, nikatoa punje, nikanusa. Nilizirudisha.

Jumatano, tarehe 7 Septemba, redio ikasema petroli Dar es Salaam ni shilingi 2,969.

Mama Neema akavuta simu yake taratibu, akabonyeza kikokotoo. "Mia nne arobaini na moja, mara arobaini." Akanionyesha kioo: 17,640. "Kwa bei za Dar. Gunia sijalitia."

Mahindi tuliyaanika, tukayaosha, tukayaanika tena. Tukawarushia kuku kiganja kimoja tuone. Jogoo alidonoa punje moja, akaitema, akanitazama mimi.

Jumamosi nikamimina yaliyobaki kwenye tenki, uani, mbali na jiko la mtu yeyote, tukapanda Dongobesh kuomba gunia jingine. Njiani tulikubaliana kusema ni panya. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akanisogelea kana kwamba ananipangusa vumbi begani, akavuta pumzi.

"Panya gani hao, baba, wenye gari?"

Gunia alitupa. Wakati wa kurudi, tulipoumaliza Bashnet na mteremko ukafunguka, bonde lote la Dareda chini yetu, mkono wangu ulikwenda kwenye gia wenyewe, kwa mazoea. Nikaukuta mkono wa Mama Neema umeshatangulia, umeikamata.