Yah: Maua Yasiyo na Risiti

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mapokezi na Mapambo,
Halmashauri ambayo, kati ya Kibondo na Kasulu, kila mtu atasema ni ya jirani.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa.

Naandika kuwapongeza kwa mapokezi ya mgeni rasmi wa mwezi Mei. Nilikuwa miongoni mwa wananchi waliojitokeza kwa wingi, maana tulitolewa kwa wingi. Siku mbili kabla mliagiza barabara isafishwe. Wanafunzi wakaja na mafyekeo, na kufikia saa sita alizeti pori yote iliyosimama kando ya njia, njano tupu kilima hadi kilima, ilikuwa imelala mtaroni. Eneo lilipokuwa safi, halina ua hata moja, mkashusha garini boksi la maua ya plastiki na kuyapanga meza kuu.

Najua mna sababu zenu. La plastiki halinyauki. Linapanguswa vumbi na kurudi stoo kusubiri mgeni mwingine. Ya kwenu nayajua kwa sura: waridi la tatu kutoka kushoto lilipoteza jani wakati wa Mwenge, na mpaka leo halijaota. Lakini Mwenyekiti, tangu tarehe 1 Juni 2019 mama akikutwa sokoni na mfuko wa plastiki, faini inaanzia shilingi 30,000. Plastiki hiyohiyo ikikatwa umbo la yungiyungi inakaa mbele ya kiongozi na kupigwa picha. Wauza mifuko walikosea ushonaji tu.

Sababu kubwa, alinieleza mjumbe wenu, ni risiti. Kuna mama anayeshuka mjini kutoka Heru Juu kila Jumamosi na ndoo ya dalia kichwani, mafungu kayafunga kwa kamba za mgomba, fungu shilingi elfu moja. Wateja wake ni maharusi na kanisa. Hana mashine ya EFD, hayumo kwenye mfumo, wala jina la biashara hana. Anaitwa Mama Maua. Basi kiserikali dalia zake ni magugu.

Halafu ni za msimu. Hilo mjumbe alilisema kwa masikitiko, kama anayetaja ugonjwa. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba, zikakatika Mei. Sasa hesabuni: Uhuru Desemba 9, Siku ya Wanawake Machi 8, Muungano Aprili 26, Mei Mosi. Utadhani aliyepanga sikukuu za nchi hii alikuwa na bustani Kasulu. Nanenane kweli inaangukia kiangazi, na hiyo wakulima wetu huifuata Ipuli, Tabora. Mkibanwa sana, mashuke ya mtama nayo hupendeza mezani.

Wakenya wa Naivasha hupakia waridi kwenye ndege, likauzwe Uholanzi. Wenzetu wa Arusha nao waliingia biashara hiyo tangu miaka ya 1980. Sisemi tushindane nao. Ndege ya mizigo haitatua Heru Juu kwa ajili ya ndoo moja. Ila ndoo ile ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka meza yenu, na haikufika.

Nimalizie na tukio ambalo huenda halimo kwenye taarifa yenu. Zawadi ya mgeni ilikuwa asali ya Kibondo, dumu la lita tano. Nyuki mmoja, nadhani kafuata harufu, akatua kwenye waridi la plastiki. Akaingia katikati, akazunguka, akatoka. Akajaribu la pili. Wakati huo mshereheshaji alikuwa anapaza sauti kwamba mheshimiwa apewe maua yake. Nyuki akaondoka kuelekea mtaroni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa safu ya nyuma, upande wa jua.

Nakala: Mama Maua (asomewe)
Nyuki (kwa taarifa)