Mgeni wa Siku Mbili

Ukitaka kumjua mtu anayekwenda kuishi kiasili, tazama mizigo yake. Anayekwenda kuchimba kisima hubeba sururu na chepe. Anayekwenda kupumzika kijijini, mbali na makuu ya mji, hubeba katoni ya maji ya chupa, dawa za mbu aina mbili, betri ya kuchajia simu, viatu vya kukanyagia matumbawe, na kitabu kinene kinachofundisha kuishi bila vitu vingi. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga na Zinga, lakini kwa shehena ile ungedhani anahamia Tabora. Wapagazi wa karne ya 19 walitoka huko Tabora kweli, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, na wapo wasemao kuwa Bagamoyo ilipata jina lake kwa sababu hapo ndipo walipobwaga mizigo na mioyo ikatua. Mgeni wetu anafika Bagamoyo ndipo aanze kubeba. Simcheki kwa ubaya. Nadai tu kwamba mikasa yote itakayomkuta tangu Ijumaa jioni ina mzizi mmoja: anaamini maisha ya asili ni maisha ya mjini yaliyopunguzwa vitu, kumbe ni maisha yaliyoongezwa kazi.

Tuanze baharini. Mlingotini, kijiji kilicho kusini kidogo mwa mji, akina mama hulima mwani, na hakuna shamba linalomvutia mpenda asili kuliko hilo: halina mbolea, halina dawa, hata udongo halidai. Kwa hiyo mgeni anapanga kulitembelea Jumamosi, baada ya chai. Bahari haijui Jumamosi. Bahari inajua mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku za bamvua, ambapo maji hupwa mbali na shamba likaonekana. Jumamosi ikiangukia maji mafu, shamba linabaki chini ya maji, mgeni anapiga picha ya mawimbi, na wakulima wako nyumbani wakimshangaa. Akibahatika kuikuta bamvua, anagundua kwamba kilimo kisicho na udongo kina migongo: ni kuinama saa kadhaa majini, kukaza kamba kwenye vigingi, kufunga kipande kimoja kimoja cha mwani, kisha kusubiri wiki 6 hivi, kuvuna, kubeba ukiwa mbichi na mzito, na kuanika. Kamba zenyewe ni za nailoni, jambo linalomuumiza mgeni kuliko mgongo. Tena mwani ule hauliwi kijijini. Unasafirishwa nje, ukakamuliwa kitu kiitwacho karajenani, kinachozipa dawa nyingi za meno uzito wake. Yaani mtu aliyeacha dawa ya meno mjini kwa kiapo, akanunua mswaki wa mti, amesafiri kilomita 70 kwenda kuistaajabia dawa ya meno ikiwa bado mbichi.

Uani nako ni vilevile. Siku hizi kambi inayojitangaza kuwa rafiki wa mazingira haikosi choo kikavu, kile cha kumwagia majivu badala ya maji ili taka igeuke mbolea. Ni ufundi wa maana sana, isipokuwa umeletwa pwani, mahali ambapo binadamu na kopo la maji hawajawahi kutengana. Mgeni anaingia na kopo lake kwa heshima zote, anafanya kama alivyolelewa, na kwa dakika moja anaivuruga mbolea iliyokuwa ikitengenezwa kwa miezi. Akitoka hapo anapewa nazi na mbuzi, na wali aliousifu jana usiku unamdai vidole leo. Kufua nazi, kuivunja, kuikuna, kuchuja tui zito na jepesi: wali wa nazi hauna viungo vingi, una mikono mingi. Mjini mikono hiyo ipo pia, ila imefichwa ndani ya pakiti. Kijijini unaletewa uione, na kwa kuwa hujawahi kuiona, unaita tukio hilo mkasa.

Labda mkasa mtamu kuliko yote ni wa sahani. Mgeni anaomba chakula cha asili, kile cha mababu. Analetewa muhogo, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini na ulivushwa na Wareno. Analetewa nanasi la Kiwangwa, linalosifika hadi Dar es Salaam, na ukoo wake ni wa huko huko Amerika. Maembe yametoka Asia. Hata mwarobaini, ambao majani yake hutwangwa yakawa dawa ya kunyunyizia wadudu bila sumu za kiwandani, ni mzaliwa wa Bara Hindi. Waliojenga msikiti wa Kaole, jirani na Bagamoyo, katika karne ya 13 walikufa bila kuonja muhogo wala hindi la kuchoma. Ukiwatengea leo chakula cha asili, wangeuliza ni cha nchi gani. Sisemi kwamba sahani ile ni ya uongo. Nasema kwamba kila kilichomo kililetwa na mtu, kikapandwa na mtu, kikazoezwa udongo wa hapa na watu wengi mno. Nanasi lenyewe hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi, huku mgeni akilalamika kwamba chakula cha mchana kimechelewa saa moja.

Hapa msomaji atanikatiza: unawadhihaki watu wanaokimbia sumu, na sumu zipo. Kweli zipo, na anayeogopa nyanya iliyonyunyiziwa dawa jana na kuuzwa leo ana haki ya kuogopa. Lakini tazama wanaolichukulia jambo hili kwa uzito wanafanyaje. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, chenye nembo ya Kilimohai, na hapa nchini kuna chama cha kukiendeleza, TOAM, kilichoanzishwa 2005. Mkulima hapati nembo kwa kuacha dawa tu. Lazima atunze kumbukumbu, atengeneze mboji, apange mzunguko wa mazao, akubali kukaguliwa, pengine na wakulima wenzake wanaoujua ujanja wote. Anayeacha dawa asiongeze kitu hajaanza kilimo hai. Ameanza kufuga wadudu.

Mwingine atasema wenyeji wenyewe wanataka bati, umeme na simu, kwa hiyo mgeni anapenda kitu ambacho wao wanakikimbia. Ni kweli nusu. Wanachokikimbia ni mzigo. Maarifa wangebaki nayo, na mtu anaweza kuusoma mwezi wa bamvua huku akipokea malipo ya mwani kwa simu. Ila mgeni akiyaita maisha haya “mbadala”, neno hilo ni la mwenye maisha mawili ya kuchagua. Mwenye moja huyaita maisha. Wala mapenzi haya ya kijiji kutoka mbali si mapya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulihubiriwa shamba la pamoja na kazi ya pamoja, na kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu. Wahubiri wengi walikuwa na ofisi mjini, na shamba la pamoja mara nyingi lilipata mikono iliyobaki baada ya mashamba ya watu binafsi. Leo wapo vijana Ulaya wanaolipa ili wapangiwe zamu shambani na jikoni. Tungelijua hilo mapema, pengine tungeweka kiingilio.

Basi mgeni asije? Aje. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na fedha yake haina kosa. Lakini wahenga waliongeza lingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hiyo ni ya kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi naiona kuwa ndiyo ratiba kamili ya utalii wa kiasili: siku mbili za kutazama, na ya tatu ndipo maisha ya asili yanapoanza. Sasa hesabu tena safari ya wikendi. Anafika Ijumaa jioni na kulala usiku wa kwanza, analala wa pili, na Jumapili baada ya chakula cha mchana yuko kwenye gari la kurudi, ana jua usoni na anasimulia jinsi alivyoishi kama mwenyeji. Siku ya tatu inaanza jioni hiyo bila yeye, na jembe limebaki limeegemea ukuta.