Mashine ya Nyasi Inapomisi

Injini ya mashine ya kukata nyasi ina silinda moja, pistoni moja na plagi moja. Gari la silinda nne likipoteza moja hujikokota hadi gereji kwa aibu ya kadiri. Mashine ya nyasi haina ya akiba, ndiyo maana ikianza kumisi mtaa mzima hupata habari. Ikiwa nzima, huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika kwa mlio mmoja ulionyooka. Ikiugua, hukohoa, hupanda na kushuka, au huzimika katikati ya uwanja na kuuacha umenyolewa nusu.

Inachodai ni petroli safi, hewa na cheche inayofika kwa wakati. Fundi hukagua kwa mpangilio huo, akianza na kosa la kawaida ambalo pia ni rahisi kuliondoa. Mwenye mashine huanza na bisibisi. Huona skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta, huizungusha kidogo kulia, husikiliza, huizungusha kushoto, kisha husahau ilikuwa imesimama wapi. Tangu hapo mashine ina magonjwa mawili.

Mara nyingi ugonjwa wa kwanza ni petroli iliyolala. Masika yakiisha mashine husukumwa stoo na tangi lake nusu, na miezi inavyopita sehemu nyepesi za petroli hupotelea hewani, zikiacha ute kama gundi. Ute huo huziba jeti ya kabureta, kitundu ambacho hata mbu angekidharau. Hapo bado halijatajwa dumu lenye maji kidogo chini, wala petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, mchezo uliokithiri kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe tena. Tiba ni kumwaga yote, kufungua bakuli la kabureta, ambalo kwa kawaida hushikwa na bolti moja tu, na kuzibua jeti kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Msumari hukitanua kitundu, na kitundu kilichotanuka hakirudi. Mpira wa bakuli nao hudondokea kwenye nyasi, tena zile ambazo bado hazijakatwa.

Mlio wa kupanda na kushuka, kama mtu anayebembea, huwapoteza wengi kwa sababu huonekana kutoka kwa gavana. Huyu si wa kaunti, ingawa naye hulaumiwa kwa ya wengine. Kazi yake ni kulinda mwendo: injini ikipungukiwa petroli na kulegea, huifungulia mlango wa kabureta, ikiruka juu, huubana, ikilegea tena, hufungua. Anayekunja springi yake kwa koleo anamwadhibu askari aliyepiga filimbi. Kipimo ni kuvuta choki kidogo wakati injini inaunguruma. Mlio ukitulia, petroli ni haba kulinganisha na hewa, na wa kukaguliwa ni jeti ileile au gaskiti kati ya kabureta na injini, inayovujisha hewa kwa siri.

Kwa upande wa hewa, chujio la sifongo huoshwa kwa sabuni, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. La karatasi hugongwagongwa tu, na likioshwa huwa uji. Chujio lililoziba hutoa moshi mweusi. Moshi mweupe wenye rangi ya buluu ni wa oili, na mara nyingi huletwa na usafi: mtu ameilaza mashine ubavu ili akwangue nyasi zilizoganda chini, akasahau kwamba upande wa chujio hubaki juu. Oili ikateremkia ilikotaka. Majirani huanua nguo.

Plagi haina hadithi ndefu. Ikiwa kahawia hafifu ni nzima, nyeusi yenye masizi imelishwa petroli kupita kiasi, na mwanya wake katika injini nyingi za aina hii ni kama milimita 0.76.

Ipo pia mashine inayokata vizuri kwa dakika kumi, ikazimika, ikapumzika kivulini pamoja na mwenyewe, kisha ikawaka bila kinyongo. Kifuniko cha tangi kina kitundu cha kuingizia hewa. Kikiziba, petroli hugoma kushuka. Kifuniko kikilegezwa na tangi likavuta pumzi, kabureta ilifunguliwa bure.

Linalobaki ni kosa ambalo hakuna anayelisema. Kisu kikigonga jiwe, kipande kidogo cha metali laini kinachoshikilia flaiwili mahali pake hukatika au kupinda, na cheche huanza kuja kwa saa zake yenyewe. Injini hupiga risasi, na kamba ya kuwashia humpokonya mtu mkono. Fundi huuliza, “Imegonga kitu?” Huambiwa hapana. Huchomoa waya wa plagi kwanza, kwa usalama wa vidole vyake, ndipo anapoiinamisha mashine, chujio juu, na kukitazama kisu kilichopinda kama mkia wa nge. Jiwe lenyewe liko palepale uwanjani, lina kovu jipya jeupe, na nyasi zimeshaanza kulifunika.